Masika ya Bi Mdogo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa tatu asubuhi, na saa nne tukaletewa Bi Mdogo. Sijui kipi kimenichafua zaidi, dari linalovuja kwenye korido yetu au hiyo kompyuta mpya. Daftari hili nimelitoa stoo kwa sababu mambo yamenijaa kichwani, watoto wameshaoa na kuolewa, na redio haijibu.

Kazi yangu ni kupiga picha za matiti, mwaka wa kumi na tisa huu. Mwanamke anasimama, namwekea titi kwenye sahani ya baridi, nashusha ya juu, namwambia “usipumue,” nabonyeza, namwambia “pumua.” Picha inakwenda chumba cha pili kwa daktari msomaji, naye anatafuta saratani. Tunamwita Dakika Moja, kwa sababu ukigonga mlango wake jibu ni hilo, na dakika yake ina urefu wa saa nzima.

Bi Mdogo ni programu. Kwenye barua wameandika akili mnemba. Inasoma picha zetu zilezile, ila haishughuliki na saratani. Inatafuta chokaa iliyoganda kwenye kuta za mishipa ya damu ndani ya titi. Wanasema mwenye chokaa nyingi humo huenda anayo pia kwenye mishipa ya moyo. Yule wa mapokezi, tunayemwita Kipaza kwa kuwa ulimi wake haujawahi kwenda likizo, alinigeukia mbele ya watu wote. “Daktari kaongezewa mke,” alisema. “Wewe ndiye bi mkubwa, jiandae kunyimwa chumba.” Jina likashika hapohapo.

Dakika Moja hakucheka. “Chokaa ya mishipa naiona kila siku,” alisema. “Si saratani. Hakuna neno.”

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao kirefu, chai baridi. Bi Mdogo atapitia picha zote za miaka mitano, za wanawake zaidi ya elfu tatu. Majina yameondolewa, kila mwanamke amebaki namba. Kazi yangu ni kukagua kama picha ni safi, na kama mistari myekundu anayochora Bi Mdogo imekaa juu ya mishipa kweli au imepotea njia.

Kanuni ni moja. Hakuna mwanamke wa kuambiwa chochote mpaka kamati ikae tarehe 9 Aprili, maana haya ni majaribio na hatutaki kutia watu hofu bure. Nilitia saini. Niliona ni busara, na sitajifanya sasa kwamba sikuona hivyo.

Kwenye kikao Dakika Moja aliketi nyuma, mikono kifuani. Kibodi yake ina kitufe kimoja ambacho akikigusa kinaandika sentensi nzima mwishoni mwa ripoti: Hakuna neno la kutia shaka. Kitufe hicho kimesuguliwa hadi herufi zake zimefutika.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda kumsaidia dada.

Dada ni fundi wa mapazia. Ananizidi miaka kumi. Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano, na tangu hapo yeye ndiye aliyenisuka, akanichapa na kunisomesha, kwa mpangilio huo. Amepata kazi ya kufa mtu, mapazia ya chuo kizima, ghorofa nne, madirisha mia na sita, na yote yawe yamening'inia ifikapo tarehe 13 Aprili. Lifti imekufa tangu maji yaingie kwenye mota yake, kwa hiyo majora ya vitambaa yanapanda kwa mabega.

Tulipanda. Kila tulipofika pale ngazi zinapokata kona, dada alitoa futi yake mfukoni akapima kile kidirisha cha ngazini.

“Na hivi wameagiza?” nikamuuliza.

“Hapana. Lakini fundi lazima ajue.”

Juu ya ghorofa ya pili alikipima kidirisha mara mbili, polepole, mkono mmoja umeshika ukuta.

“Dada, hakijakua tangu ulipokipima.”

Tukacheka wote. Jasho lilikuwa limemtoka puani, na siku yenyewe ilikuwa ya baridi.

Jumanne, 12 Machi

Ndoo mbili sasa. Picha mia na themanini. Macho yananiwasha.

Alhamisi, 14 Machi

Leo, saa sita kasoro, nimekutana na dada yangu kwenye skrini.

Namba 1147. Titi la kushoto, na ndani yake kijichembe kirefu cheupe, kikali, kinang'aa kuliko kitu chochote kwenye picha. Ni ncha ya sindano. Dada alipokuwa anajifunza ushonaji alikuwa na tabia ya kuchomeka sindano kifuani mwa gauni. Siku moja akateleza kwenye sakafu iliyolowa, sindano ikavunjika, kipande kikabaki ndani, naye akafunga kidonda kwa kitambaa na kurudi kwenye cherehani. Miaka mitatu iliyopita nilipompiga picha tulikiona kile kipande, tukacheka mpaka Dakika Moja akagonga ukuta. Hawawezi kuwa wawili duniani.

Bi Mdogo huwapa wanawake daraja, kuanzia sifuri hadi tatu. Dada ana tatu.

Niliizima mistari myekundu ili niione picha tupu. Chokaa ilikuwepo, mistari miwili myembamba inayokwenda sambamba, inakunja kona pamoja, inapotea na kurudi, kama pindo lililoshonwa mara mbili. Nimeiona mistari hiyo kwa mamia ya wanawake. Hakuna aliyenieleza ni ya nini, na mimi sikuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, na sisi wenyewe tunanyamaza tukijivunia kazi.

Chini ya picha kulikuwa na ripoti ya wakati ule. Hakuna neno la kutia shaka. Na nani alimpelekea dada majibu hayo? Mimi. Nilimpigia simu nikiwa na furaha kubwa. “Dada, uko mzima kabisa. Hakuna neno.”

Nimetoka nje nikasimama mvuani bila mwavuli. Kipaza aliniuliza kama nimefiwa.

Ijumaa, 15 Machi

Nilimwonyesha Dakika Moja picha ya kushoto, nikamwambia ni namba tu inayonitatiza.

Akacheka, na yeye hacheki. “Imehesabu sindano! Chuma cheupe, chokaa nyeupe, mashine imevichanganya. Ndiyo akili hiyo waliyotuletea.”

Nami nikacheka. Nilikula chakula cha mchana chote na nusu ya chakula cha Kipaza. Sindano! Nimekuwa mwepesi siku nzima.

Jumapili, 17 Machi

Nilikwenda kwa dada kumsimulia kichekesho cha sindano. Sikumwambia ni programu ya nini, nilisema tu kompyuta mpya imeshindwa kutofautisha sindano na ugonjwa. Akafurahi kupita kiasi.

“Waambie mimi nina karatasi,” alisema, akaonyesha ukutani.

Nilikuwa sijaiona. Ripoti ile ya miaka mitatu, ameitia kwenye plastiki ngumu na kuitundika kando ya kioo. Ukimwambia umekonda, anakuonyesha karatasi. Ukimwambia apumzike, karatasi. Ripoti ya matiti ameifanya cheti cha mwili mzima, toka utosini mpaka unyayoni.

Shemeji, fundi saa, mtu wa maneno kumi kwa siku, alinisindikiza hadi getini na mwavuli. Hilo peke yake lilinitisha.

“Shemeji,” alisema, “siku hizi dada yako ananiachia mimi kubeba majora. Tangu nimuoe hajawahi kuniachia kitu.”

“Amechoka tu.”

“Na jino aling'oa la nini?”

“Jino gani?”

“Mwezi uliopita. Taya linamuuma akipanda ngazi. Daktari wa meno akamwambia jino ni zima, yeye akang'ang'ania litoke. Likatoka.”

“Na sasa?”

“Taya linauma vilevile.”

Maneno kumi yalikuwa yamekwisha. Akanipa mwavuli wake akarudi ndani akilowa.

Jumatano, 20 Machi

Sijatulia. Nafungua droo nasahau nilichofuata. Leo nimemwambia mama mmoja “pumua” kabla sijamwambia “usipumue,” na picha ikaharibika.

Ijumaa, 22 Machi

Kila mwanamke ana picha nne, mbili kila upande. Mimi, wa miaka kumi na tisa kazini, nilikuwa nimeitazama ya kushoto tu, kwa sababu ya kushoto ndiyo iliyonipa nafuu. Leo nimefungua za kulia. Huko hakuna sindano. Mistari ipo, mirefu kuliko ya kushoto.

Niliingia kwa Dakika Moja bila kugonga.

“Dakika mo—”

“Hapana, Daktari. Sasa hivi.”

Akaitazama picha. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

“Upande huu hakuna sindano,” alisema.

“Hakuna.”

“Ni nani?”

“Namba 1147.”

“Nimekuuliza ni nani.”

“Dada yangu. Anaumwa taya akipanda ngazi. Kang'olewa jino zima.”

Alivua miwani akaiweka mezani. “Niliiona,” alisema. “Naiona kila mara. Swali nililoulizwa lilikuwa, je, kuna saratani? Nikalijibu.”

“Na lile ambalo hukuulizwa?”

Akasema, kwa ile sauti yake ya kufundishia, kwamba chokaa ya titi si hukumu, wapo wanaotembea nayo na moyo wao ni mzima hadi uzeeni. “Ni sababu ya kuuliza, basi.”

“Basi tuulize!”

“Kamati inakaa tarehe tisa. Sote tulitia saini.”

Nilimchukia. Naandika hivyohivyo bila kupunguza. Miaka ishirini anaona, anagusa kitufe, anakwenda kunywa chai. Na nilipofika koridoni nikakumbuka kwamba ni mimi niliyekuwa nikimchemshia hiyo chai.

Jumamosi, 23 Machi

Nimevunja saini yangu. Nilimkuta dada juu ya ngazi ya kukunja, ghorofa ya pili, ndoano za pazia mdomoni.

“Shuka, dada.”

“Sema nikiwa hapa hapa.”

“Shuka kwanza.”

Akashuka kwa kunionyesha kwamba anashuka kwa hiari yake. Nikamweleza yote, ile mistari, jino, taya, vidirisha vya ngazini. Nikamwomba Jumatatu twende kwa daktari wa moyo.

“Nani kasema nina moyo?”

“Kompyuta imeona, na mimi nikaangalia.”

“Kompyuta ileile iliyoshindwa kuijua sindano?”

Ulimi hauna mfupa. Mimi ndiye niliyempa fimbo hiyo Jumapili, nikicheka.

“Na wewe,” aliendelea, “si ndiye uliyenipigia simu? Kwa mdomo wako, hakuna neno, dada, uko mzima kabisa?”

“Ndiye mimi.”

“Basi niambie. Ulinidanganya wakati ule au unanidanganya sasa?”

Nilisimama pale na jora la kitambaa mikononi. Wakati ule sikudanganya, nilisema nilichoambiwa, lakini ukimwambia mtu hivyo haimsaidii kitu.

“Nimebakiza madirisha sitini na mawili,” dada alisema, akarudi juu ya ngazi. “Nikimaliza, nipeleke hata mwezini.”

Jumanne, 26 Machi

Nimepiga simu. “Umepanda ghorofa ngapi leo?” Akakata.

Alhamisi, 28 Machi

Nimepiga. Hakupokea. Maji yameingia hadi chumba cha kubadilishia nguo, wanawake wanasimama juu ya matofali.

Jumamosi, 30 Machi

Sasa nampigia shemeji. Yeye huniambia idadi tu. Leo, “Arobaini na moja.” Nikamuuliza mbona hamzuii. “Shemeji,” alisema, “wewe umelelewa naye. Mimi nimeolewa naye.” Nilicheka bila kupenda, kisha nikalia bila kupenda.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimelala nikiwa nimeshika simu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo mama alivyokuwa akisema, na mwanawe mkubwa alikuwepo akisikia.

Jumatano, 3 Aprili

Dakika Moja aliniita. Mlango ulikuwa wazi, jambo ambalo sijaliona tangu tuhamie jengo hili.

Kwenye skrini alikuwa amefungua namba 1147, lakini safari hii na jina lake. Mezani kulikuwa na karatasi.

“Soma,” alisema.

Nyongeza kwa ripoti ya awali. Picha zimesomwa upya. Kuna chokaa nyingi kwenye mishipa ya damu ya matiti yote mawili. Niliiona awali na sikuitaja. Mgonjwa aonwe na daktari wa moyo bila kuchelewa.

Chini yake saini yake, na muhuri.

“Kamati je?” nikauliza.

“Kanuni inamfunga mdomo Bi Mdogo.” Nilishtuka, tulidhani hajui jina hilo. “Hiyo programu sijaitaja popote. Nimesoma kwa macho yangu. Ripoti ni yangu, na msomaji ana ruhusa ya kurekebisha ripoti yake siku yoyote. Ruhusa hiyo ipo tangu sijaanza kazi, na sijawahi kuitumia.”

“Umeandika kwamba uliiona.”

“Niliandika ‘haikutajwa.’ Nikafuta. Haikutajwa na nani?”

Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumpiga, vyote kwa wakati mmoja. Nilipofika mlangoni alisema, bila kugeuka, “Nimelala siku tatu bila usingizi. Usimwambie yule wa mapokezi.”

Alhamisi, 4 Aprili

Niliomba ruhusa nikaenda chuoni. Dada alikuwa ghorofa ya nne. Ngazi themanini na nane, nilizihesabu. Pale juu kulikuwa na madirisha ishirini na tisa yaliyo uchi.

Sikumsalimia kwa maneno mengi. Nilimpa karatasi. Dada ni mtu wa karatasi, haamini sauti ya mtu hata ikiwa ya damu yake. Aliisoma, akaisoma tena, akapitisha kidole juu ya muhuri.

“Huyu ni yuleyule wa ile ya kwanza?”

“Yuleyule.”

“Na kaandika mwenyewe kwamba aliona akanyamaza?”

“Mwenyewe.”

Aliketi juu ya jora. Mvua ilikuwa inapiga vioo visivyo na pazia. Akaikunja karatasi, akasema kitu ambacho tangu nizaliwe sijawahi kukisikia kutoka kinywani mwake.

“Mdogo wangu, naogopa.”

“Najua, dada.”

“Hujui. Tangu mwezi wa kumi na mbili naogopa. Unadhani vile vidirisha navipima kwa nini? Napanda ngazi kumi, kifua kinabanwa kama nimefungwa mkanda, taya linawaka. Nikisimama linapoa. Nikasema ni jino. Likatoka, nikasema ni umri. Kila nikitaka kwenda hospitali naitazama ile karatasi ukutani, najiambia, wenye elimu wamesema hakuna neno, wewe nani?”

Nilipiga magoti sakafuni nikaweka kichwa mapajani mwake, mwanamke wa miaka arobaini na nane. Nikamwomba radhi. Akanigonga kisogo kidogo kwa ile futi.

“Nyanyuka,” alisema. “Unakalia kitambaa cha watu.”

Ijumaa, 5 Aprili

Daktari wa moyo ni mwanamama mfupi anayeongea haraka. Karatasi aliisoma sekunde chache. Habari za ngazi na jino alizisikiliza kwa robo saa, akauliza tena na tena. Alimweka dada kwenye mashine ya kutembea. Dakika ya tatu taya likawaka, na mistari ya moyo kwenye skrini ikashuka. Wakamshusha.

Nikauliza turudi Jumatatu?

“Haendi nyumbani huyu,” alisema daktari.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki tangu saa moja asubuhi, katika hospitali kubwa ambako sijui hata mlango wa choo. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwaambia wanawake wakae watulie. Nimesimama, nimekaa, nimesoma bango la kunawa mikono mara arobaini. Shemeji yuko kando yangu, amefungua saa ya ukutani ya wodini ambayo hakuna aliyemwomba aitengeneze. Muuguzi alitaka kumkataza, akamtazama usoni, akamwacha.

Wanampitishia dada mrija mwembamba kuanzia kwenye mkono hadi kwenye moyo, wanatia dawa inayoonekana kwenye eksirei. Najua picha. Maisha yangu yote ni picha, na leo siruhusiwi kuona hata moja.

Saa tano na nusu yule daktari akatoka. Mshipa mkubwa wa mbele ulikuwa umebaki na upenyo ambao uzi ungepita kwa taabu. Wameupanua, wamemwekea vijibomba viwili vya waya. Yuko macho. Ameuliza saa ngapi.

“Angeweza kupanda ghorofa ngapi zaidi?” nikamuuliza daktari. Sijui kwa nini nilitaka kujua.

“Sipendi kukisia,” alisema. “Lakini nisingempa hata mbili.”

Shemeji alikuwa ameshika sahani ya saa kifuani. Ndipo nilipomwona mtu yule analia, kimya kimya, kama afanyavyo kila kitu.

Jumatatu, 8 Aprili

Dada ameketi kitandani, rangi imemrudi, na mdomo umerudi kabla ya rangi. Shemeji na mafundi wake wawili wanatundika mapazia yaliyobaki, naye amepiga simu mara sita kuwaambia yamekaa upande. Hajayaona.

Nilikuwa nimekaa namtazama tu. Akachoka kutazamwa.

“Wale wengine wenye tatu ni wangapi?” aliuliza ghafla.

“Mia mbili na kumi na mbili.”

“Wameambiwa?”

“Bado.”

“Sasa umekaa hapa unanitazama kwa nini?”

Jumanne, 9 Aprili

Kamati. Nilisimama nikasema kwamba nilimwambia ndugu yangu kinyume cha saini yangu. Nimepewa barua ya onyo. Iko ndani ya daftari hili, ukurasa wa nyuma.

Wakabishana saa mbili. Tutawatia hofu, wengi wao watapimwa na wasikutwe na kitu. Ni kweli. Tutajaza kliniki ya moyo. Ni kweli. Dakika Moja akasubiri wamalize, kisha akaweka mezani bahasha nene. Nyongeza arobaini na tatu, zimesainiwa. “Hizi ni ripoti zangu,” alisema. “Nitafika mia mbili na kumi na mbili mwisho wa mwezi. Kamati inaweza kunisaidia namba za simu, au nitazitafuta mwenyewe.”

Wakakubali. Wametuandikia hata maneno ya kusema, ya polepole, yasiyotisha. Simu nimepewa mimi, kwa kuwa wanawake wanaijua sauti yangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Simu tisa. Mmoja alidhani nauza bima. Mmoja aliuliza mara tatu kama ni saratani, na mara tatu nikamwambia si saratani, akashukuru akakata kabla sijafika kwenye moyo. Nimempigia tena. Mmoja alisema tu, “Nilijua,” na nikasikia akivuta kiti akakaa. Koo limekauka. Dakika Moja ameniletea chai, ya moto, akaiweka akaondoka mbio.

Ijumaa, 12 Aprili

Simu saba asubuhi hii, ya nane ikawa ya kumi na saba kwenye orodha. Mvua imepungua, nilikuwa nimefungua dirisha. Nilikuwa nimeanza kuizoea kazi, hata kuipenda. Kila anayepokea namwona dada.

Alipokea mwanamke kijana.

“Naomba kuzungumza na mama, mwenye simu hii,” nikasema, nikataja hospitali.

“Mama alifariki. Mwezi wa tisa mwaka jana.”

Nikampa pole. Nikamuuliza, kwa sababu sikuweza kutouliza, alikuwa anaumwa nini.

“Hakuumwa. Alikuwa anaanua nguo, akaanguka. Walituambia ni moyo.” Kisha akauliza, “Mlikuwa mnataka kumwambia nini?”

Picha ilikuwa mbele yangu. Kulia na kushoto, ile mistari miwili miwili. Tarehe ya chini ilikuwa ya miaka miwili iliyopita, na mpiga picha ni mimi. Maneno tuliyoandikiwa na kamati ni ya watu walio hai. Nilikuwa na uongo mzuri tayari, kwamba tulitaka kumkumbusha tarehe ya kurudi kupiga picha. Angeshukuru, angekata, angeendelea na siku yake.

“Mwanangu,” nikasema, “mama yako alikuwa na chokaa kwenye mishipa ya damu. Ilionekana kwenye picha aliyopigwa hapa kwetu.”

“Ilionekana lini?”

“Siku ileile.”

“Ilionekana kwa nani?”

“Kwetu,” nikamwambia. “Tuliiona, na hatukumwambia.”

Hakulia na hakunitukana. Aliniambia nisikate. Nikamsikia anatafuta kitu, anafungua droo, anafunga. Aliporudi aliniomba jina langu kamili na jina la daktari. Nilimtajia yote mawili, herufi moja moja, polepole, ili aandike bila kukosea.